Kutoa Figo: Yanayosemwa Arua na Koboko, na Yaliyo Kweli (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi figo zinavyochuja damu, na kwa nini mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi huunganishwa na mashine mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Leo tuingie kwenye swali linaloulizwa zaidi, sokoni Arua na kwenye vijiwe vya bodaboda Koboko: nikimpa ndugu yangu figo moja, mimi nitaishi?

Utaishi, mradi umepimwa na kuonekana unafaa. Figo iliyobaki hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, pale Ronald Herrick alipompa figo pacha wake Richard, chini ya mkono wa daktari Joseph Murray. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, aliyebaki na figo moja, alifundisha hesabu, akafariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 79.

Hatari ipo, na anayekuambia haipo usimsikilize. Kumbukumbu za Marekani za mwaka 1994 hadi 2009 zilionyesha kuwa katika kila watoaji 10,000, takriban watatu walifariki kutokana na upasuaji. Mtoaji hukaa wodini siku chache, na haruhusiwi kushika jembe au kubeba gunia la mihogo kwa wiki kadhaa. Mwanamke aliyetoa figo anaweza kuzaa, ila huongezeka uwezekano wa shinikizo la damu wakati wa ujauzito, kwa hiyo lazima afuatiliwe kwa karibu kliniki.

Vipimo vyenyewe vinamlinda mtoaji kuliko watu wanavyodhani. Hupimwa kundi la damu, sukari, shinikizo, homa ya ini, virusi vya Ukimwi, kisha hupigwa picha ya figo zote mbili na mishipa yake. Ikionekana moja ina nguvu kuliko nyingine, madaktari huchukua ile dhaifu kidogo na kumwachia mtoaji iliyo bora. Kanuni hiyo ningependa kila mama anayemzuia mwanawe kutoa figo aijue.

Wengi pia hudhani mgonjwa hung'olewa figo zake za zamani. Kwa kawaida huachwa palepale. Figo mpya, yenye ukubwa wa ngumi, huwekwa chini ya tumbo karibu na nyonga. Inapoingizwa huwa imepauka kwa sababu haina damu. Mishipa ikishaunganishwa na vibano kufunguliwa, hubadilika kuwa ya waridi mbele ya macho ya daktari, na mara nyingi ikitoka kwa mtu aliye hai, mkojo huanza kutiririka mgonjwa akiwa bado mezani. Baada ya hapo mpokeaji humeza dawa za kuzuia mwili usiikatae, kila siku, kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi.

Sasa hofu ya basi la usiku, kwamba ukisinzia kabla ya Karuma utaamka Kampala huna figo. Figo haiibwi hivyo. Lazima ioane na damu ya mpokeaji anayejulikana, inahitaji chumba cha upasuaji na madaktari wa pande mbili, na nje ya mwili hudumu kwenye baridi kwa siku moja au zaidi kidogo. Biashara haramu ya figo ipo, lakini huja mchana, na dalali mwenye maneno matamu, ahadi ya pesa, na karatasi zinazodai wewe ni ndugu wa mtu usiyemjua. Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia madai ya biashara ya aina hiyo. Vijana wetu wachunge hapo.

Uganda ilipata sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023. Sheria hiyo inakataza kuuza kiungo na imeunda baraza la kusimamia kazi hii. Desemba ya mwaka huohuo hospitali ya Mulago ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India, na bado wapo wanaokwenda. Huko sheria ya mwaka 1994 huwatambua kama jamaa wa karibu mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja, na baadaye waliongezwa babu, bibi na wajukuu. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu kabisa, hata kama anaishi ng'ambo ya mpaka, Yei au Aru. India atafikishwa mbele ya kamati na kuulizwa vielelezo. Familia ya Koboko yenye watu katika nchi tatu ianze mapema kukusanya vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, maana mgonjwa hasubiri ofisi.

Kuhusu dini, baraza la mafakihi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu upandikizaji kwa masharti, likikataza kuuza. Papa Yohane Paulo wa Pili aliusifu utoaji wa viungo katika waraka wake wa mwaka 1995. Masheikh na mapadri wetu wana la kusema hapa, na waumini wanawasubiri.

Wasioweza kutoa figo wasijione hawana nafasi. Mgonjwa wa figo huishiwa damu, na benki ya damu ya kanda iko hapahapa Arua, ikihudumia hospitali za West Nile. Damu hupimwa kwanza Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Mwanamume anaweza kurudi kutoa baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne.

Sehemu ya tatu itahusu shinikizo la damu na kisukari, magonjwa mawili yanayoua figo kimyakimya, na namna ya kuyagundua katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.