Mlowezi Mdogo wa Topeni

Kumwona Nematostella vectensis kunahitaji subira na pengine kioo cha kukuzia. Huyu ni anemoni wa bahari, jamaa wa matumbawe na yavuyavu, lakini akiwa porini kwa kawaida hafikii sentimita mbili, na mwili wake unapenya mwanga. Hujifukia kwenye tope laini akabakiza juu mdomo na minyiri, mara nyingi 16, iliyotandazwa duara. Buu wa usubi au konokono mchanga akiigusa, seli zenye vijisindano vya sumu humfyatukia, kisha mnyiri humkunjia mdomoni. Akiguswa yeye, hunywea akazama topeni.

Bahari ya wazi haimfai. Yeye ni wa wangwa na mabwawa ya pwani yaliyotulia, maji chumvi yanapokutana na maji baridi. Ni makao yasiyotabirika. Mvua ikinyesha, lita moja ya maji hubaki na gramu chache tu za chumvi. Jua likiwaka siku nyingi, zinaweza kufika 50, ilhali bahari ya kawaida ina 35 hivi. Yeye huyavumilia yote hayo.

Wala hamhitaji mwenzi ili aongezeke. Sehemu ya chini ya mwili hujibana, ikakatika, na kipande kile kikaota mdomo na minyiri yake. Mmoja tu akifika bwawani, anatosha kulijaza.

Na ndivyo inavyoelekea ilitokea Uingereza. T. A. Stephenson alimpa jina la kisayansi mwaka 1935 kutokana na vielelezo vya Isle of Wight, akahesabiwa mzaliwa wa pale na hatimaye akalindwa kisheria kama kiumbe adimu. Uchunguzi wa DNA ukaja kuvuruga hesabu: wa pwani ya Atlantiki ya Marekani wana nasaba nyingi, ilhali wa Uingereza wengi ni nakala za jike mmoja. Kumbe ni mlowezi aliyeletwa na binadamu. Afutwe kwenye orodha? Mimi ningemwacha. Mabwawa yale hufukiwa kirahisi, na kumlinda yeye ni kuyalinda pia kwa ajili ya wenyeji halisi.

Ustahimilivu huohuo umemfikisha maabara. Cadet Hand, huko California, alionyesha kwamba anafugika bakulini, na mwaka 2007 jenomu yake ikachapishwa: jeni 18,000 hivi, ambazo kwa mpangilio zinakaribia zetu kuliko zinavyokaribia za nzi. Siku hizi kinachowashughulisha baadhi ya watafiti ni minyiri. Anemoni mchanga huanza na minne. Akishiba, huongeza, na akiendelea kulishwa anaweza kufikisha 24, kwa kuwa chakula ndicho kinachoamsha chipukizi lijalo. Akinyimwa, huishia pale alipofika, hata kama amekomaa, akisubiri mlo mwingine ndipo aendelee kuota.