Jicho Livuke Bahari Kabla ya Arbuni

Kwa muda mrefu sasa tumekuwa tukisikia, madikoni, barazani na katika ofisi za masheha, malalamiko ya namna moja. Mtu ameona kitu kilichokwisha tumika kikitangazwa katika mtandao, amekipenda, amepeleka fedha, na ama kitu hakikuja kabisa, ama kilichokuja sicho kilichooneshwa. Wako wanaolizungumza jambo hili kama kichekesho na kumcheka aliyetapeliwa. Sisi hatuoni cha kuchekesha, kwa sababu fedha zinazopotea kwa njia hii ni fedha za watu wasio na akiba nyengine.

Wavuvi kumi wa diko moja la kaskazini ya Pemba walichanga fedha kwa misimu miwili ili wanunue mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 15, boti yao iache kutegemea tanga peke yake. Mpya iliwashinda bei. Kijana mmoja kati yao akaona katika simu yake tangazo la mashine iliyotumika: picha nne safi, bei shilingi 1,800,000. Muuzaji alisema yuko Dar es Salaam, na kwamba mteja mwengine yuko njiani, hivyo anataka arbuni ya shilingi 900,000 siku ile ile. Wavuvi wale walikuja kwetu kutaka shauri, kwa kuwa ni wanachama wa tawi letu na wanatuamini. Tuliitazama picha, tukausoma ujumbe wa muuzaji uliojaa salamu na dua, tukawaambia: pelekeni.

Fedha zilipelekwa kabla ya adhuhuri. Magharibi muuzaji akataka shilingi 120,000 nyengine, eti za kupakia mashine melini. Nazo zikapelekwa. Asubuhi ya pili simu yake haikupatikana, na haijapatikana hadi leo. Kosa la wizi ni la mwizi, lakini shauri lilikuwa letu, na ndiyo maana tunaona ni wajibu wetu kuliandika jambo hili bila ya kujificha.

Tujiulize kwanza kwa nini wazee wetu walinunua baiskeli, cherehani na redio zilizotumika miaka nenda miaka rudi, na hawakuibiwa kwa wingi wa namna hii. Si kwamba zama zile hazikuwa na waongo. Mnunuzi wa Darajani au wa soko la Wete alikishika kitu kwa mkono wake, akakizungusha, akakijaribu. Tena alimjua muuzaji: alijua nyumba yake, msikiti anaosali na wazee waliomlea. Aliyedanganya leo alikuwa hana pa kuuficha uso wake kesho.

Tulipokuwa chuoni, maalimu wetu walitufundisha katika mlango wa biashara kwamba kuuza kitu chenye aibu si haramu; haramu ni kuificha aibu hiyo. Mnunuzi akiigundua ana khiyari ya kukirejesha kitu na kurejeshewa fedha zake. Baadaye, katika skuli za Serikali, tulikuta kwamba sheria za dunia nazo zinaelekea huko huko. Lakini kanuni hii, iwe ya dini au ya dola, inamtaka muuzaji mwenye uso na mahali. Khiyari ya kurejesha haimfai mtu asiyejua amrejeshee nani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na baharini fimbo hiyo huwa mbali zaidi.

Hatusemi kwamba biashara ya mtandao ni mbaya. Kijana wa Micheweni leo anaweza kujua bei ya friji iliyotumika Dar es Salaam bila ya kulipa nauli ya boti, na fundi wa nguo wa Makunduchi anaweza kumpata mwenye cherehani ya kuuza asiyemjua kabisa. Hiyo ni neema kwa watu waliozungukwa na maji. Tunalosema ni kwamba ulinzi wa zamani umeondoka na sisi hatujaweka wengine mahali pake.

Hapana budi kuwatofautisha wadanganyifu wa aina mbili, maana dawa zao si moja.

Wa kwanza ni yule asiyekuwa na kitu chochote. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1983, Taifa lilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Mlanguzi wa wakati ule alikuwa na bidhaa akaificha. Huyu wa leo hana hata bidhaa ya kuficha, anauza picha. Dalili zake zinajulikana. Bei yake iko chini mno kuliko ya wengine. Ana haraka, na daima yuko mteja mwengine anayekuja. Ukimwomba akioneshe kitu chenyewe, ana udhuru. Jina linalotokea katika simu wakati wa kutuma fedha silo alilokutajia. Na akishapokea fedha za kwanza, huzuka gharama ya pili. Wavuvi wetu waliziona dalili hizi zote, nasi tuliziona pamoja nao, lakini urahisi wa bei ulitufumba macho.

Dawa ya mtu huyu ni moja: jicho livuke bahari kabla ya arbuni. Ni nadra kumpata mtu wa Unguja au Pemba asiyekuwa na jamaa, rafiki au mwanafunzi mwenzake wa zamani huko Dar es Salaam. Aombwe aende akione kitu mchana, mahali penye watu, na fedha zilipwe baada ya kuonekana. Ikiwa hayupo wa kwenda, muuzaji atakiwe apige simu ya picha, aiwashe mashine mbele ya macho yenu, na aisogeze kamera karibu na kibandiko chenye namba ya mashine. Mwenye kitu hatashindwa kufanya hayo. Anayeshindwa mwacheni, hata kama bei yake ni nusu.

Wa pili ni yule mwenye kitu, lakini ameificha aibu yake. Huyu ni mgumu zaidi kumtambua, kwa sababu kitu kipo na kinang'ara. Mashine ya boti iliyoliwa na kutu ya chumvi hupakwa rangi mpya ikapendeza kuliko nzima. Basi asitumwe mwenye macho tu, atumwe mwenye ujuzi. Fundi ataiomba mashine aikute baridi, kwa kuwa muuzaji anayeiwasha kabla ya mgeni kufika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Ataangalia kama maji yanatoka vizuri katika tundu lake wakati mashine inafanya kazi, ili ajue kwamba njia za kupoozea hazikuziba. Atafungua oili ya gia: ikiwa nyeupe mithili ya maziwa, maji yameingia ndani. Atapima kompresheni ya kila silinda na kulinganisha. Na ataiangalia namba ya mashine. Iliyokwanguliwa huwa na hadithi mbaya nyuma yake.

Kwa simu za mkononi, ambazo vijana wetu hununuziana kila siku, kipimo ni chepesi zaidi. Bonyeza *#06# itokee namba ya utambulisho ya simu hiyo, kisha itume namba hiyo kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani. Ikiwa jibu linataja aina nyengine na ile uliyoishika, usilipe. Wasiojali wakumbuke kwamba mwezi wa Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini kote, na waliozinunua kwa bei rahisi wakabaki na vipande vya plastiki mikononi.

Katika hali zote mbili tusisahau kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ujumbe wa muuzaji usifutwe. Namba yake, tarehe, kiasi cha fedha na namba ya muamala viandikwe. Kitu kikipokewa, iandikwe karatasi fupi ya mauziano yenye majina ya pande mbili na hali ya kitu kama ilivyoelezwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema siku ambayo muuzaji atakana.

Sasa tuje katika jambo ambalo kwetu sisi ni zito kuliko yote. Baada ya kuibiwa, wavuvi wale walikaa siku tisa bila ya kwenda polisi. Hawakukawia kwa uvivu. Wao waliona haya mbele ya wake zao na wenzao wa diko, nasi tuliona haya kwa kuwa mtu anayetegemewa kwa shauri alishauri vibaya. Tulikuwa tukiambiana: tungoje, pengine simu yake itafunguka. Katika siku hizo tisa fedha zilikuwa zimekwisha tolewa, na wala hatujui ni watu wangapi zaidi waliooneshwa picha zile zile nne. Haya yetu ilimlinda mwizi kuliko ujanja wake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayetapeliwa na aseme saa ile ile: kwanza kwa kampuni ya simu iliyopitisha fedha, maana zikiwahiwa kabla hazijatolewa huenda zikazuilika, pili polisi, akiwa na maandishi yake mkononi, na namba ya tapeli aipeleke kwenda 15040.

Kwa ndugu zetu viongozi na watumishi wa Serikali tuna maneno machache, na tunayasema kwa heshima.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaufanya udanganyifu wa namna hii kuwa jinai, nayo inatumika Bara na Zanzibar. Polisi ni jambo la Muungano, na mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano. Kwa hiyo hatuoni sababu ya jalada lililofunguliwa Wete kufia ufukweni kwa hoja kwamba mtuhumiwa yuko ng'ambo ya bahari. Mwizi ameweza kuivuka bahari kwa dakika moja. Dola isishindwe kuivuka kwa mwezi. Wala mlalamikaji asiambiwe kwamba shilingi laki tisa ni kidogo. Kwa wavuvi kumi hiyo ni misimu miwili.

Tangu Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Maana yake ni kwamba nyuma ya kila namba ya tapeli kuna jina la mtu. Ama ni la mwizi mwenyewe, ama ni la mtu aliyekubali kuweka kidole mara ya pili bila ya kuuliza, na mara nyingi huyo ni mzee au mtu asiyejua kusoma. Basi masheha na matawi yetu wawafahamishe wananchi wabonyeze *106# waone ni laini zipi zilizosajiliwa kwa majina yao, na wazikane zile wasizozijua. Nayo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ambayo imewekwa kwa ajili ya kumlinda mlaji, tunaiomba ifike madikoni na vijijini, isingoje mlalamikaji apande gari kuifuata mjini.

Mwisho, vyama vyetu vya ushirika vina jambo la kufanya lisilohitaji bajeti ya mtu. Fedha za manunuzi zinaweza kuwekwa amana kwa mtu mwaminifu anayejulikana na pande zote mbili, zisifike kwa muuzaji mpaka kitu kimeonekana, kimejaribiwa na kupakiwa. Muuzaji mkweli atakubali, kwani naye ana hofu ya mnunuzi asiyelipa. Hivi ndivyo wafanyabiashara wa mwambao walivyozoea kuaminiana kupitia watu wa kati, na simu haijalifanya jambo hilo kuwa la kizamani.

Wavuvi wetu wamechanga upya, nasi tulitoa fungu letu kwa kuwa shauri la kwanza lilikuwa letu. Safari hii walimlipia nauli fundi mmoja wa diko lao. Alizikataa mashine mbili, ya kwanza kwa kutu na ya pili kwa oili iliyoingia maji, akarudi na ya tatu. Haikuwa rahisi kama ile ya kwenye picha, na rangi yake imebabuka. Lakini muuzaji wake alitaja mwenyewe kwamba plagi moja inahitaji kubadilishwa, na ilipobadilishwa mashine ikafanya kazi. Nauli ya fundi yule, kwenda na kurudi, haikufika hata robo ya arbuni tuliyoipoteza kwa asubuhi moja.