Kusoma jeni za Mpox: Kinga isiyoonekana ya mfanyabiashara wa mpakani

BUJUMBURA. Julai 25, 2024 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza kuwa Mpox, ugonjwa ambao wengi wanauita ndui ya nyani, umeingia nchini. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma (INSP) ilikuwa imethibitisha wagonjwa watatu wa kwanza. Katika siku hizohizo Rwanda, Uganda na Kenya nazo zilipata wagonjwa wao. Yule wa Kenya aligunduliwa kwenye kituo cha mpakani cha Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda.

Kwa anayeuza vitenge katika soko la Ruvumera, anayevusha ndagala hadi Uvira, au anayesubiri lori lake kutoka Dar es Salaam kupitia Kobero, swali la kwanza halikuwa la kitabibu. Lilikuwa fupi tu: je, mpaka utafungwa?

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva wa malori walilala siku kadhaa kwenye foleni za Malaba, Namanga na Rusumo wakisubiri majibu ya vipimo. Nyanya zilioza na mitaji ikakatika. Wanawake waliokuwa wakivuka kwa miguu na vikapu vichwani ndio walioumia zaidi, kwa kuwa hawakuwa na lori wala karatasi za forodha za kuwatetea.

Safari hii mambo yalikwenda tofauti. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza Mpox kuwa dharura ya kimataifa Agosti 14, 2024, mapendekezo yake yalizitaka nchi jirani zishirikiane kufuatilia ugonjwa mipakani bila kuweka vizuizi vya jumla vya safari na biashara. Ili ushauri wa namna hiyo uwezekane, lazima kwanza ijulikane kirusi ni kipi, kimetoka wapi na kinapitaje kati ya watu. Sehemu kubwa ya majibu hayo ilipatikana kwa kompyuta.

Kitabu chenye herufi 197,000

Kila kiumbe hai hubeba maelekezo yake ndani ya vinasaba, na virusi navyo vina vinasaba vyao. Maelekezo hayo huandikwa kwa herufi nne tu za kikemikali: A, C, G na T. Kirusi cha Mpox kina herufi zipatazo 197,000, zilizogawanyika katika jeni karibu 190. Kila jeni ni agizo la kutengeneza protini fulani: moja ya kuingilia kwenye seli ya binadamu, nyingine ya kujinakili, nyingine ya kutokea nje na kushambulia seli ya jirani.

Mhudumu wa maabara huchukua majimaji au gamba la kipele cha mgonjwa. Mashine husoma vinasaba vilivyomo, lakini haivisomi kwa mkupuo mmoja. Hutoa vipande vingi mno, kama kitabu kilichochanwachanwa na kuchanganywa. Kazi ya programu za kompyuta ni kuvipanga upya vipande hivyo hadi kitabu kizima kipatikane, kisha kukilinganisha herufi kwa herufi na vitabu vya virusi vingine vilivyosomwa zamani.

Hapo ndipo siri hujitokeza. Kirusi kinapojinakili hukosea herufi hapa na pale, na kosa hilo hurithiwa na nakala zote zinazofuata. Wenye makosa yaleyale ni ndugu. Mfanyabiashara anaielewa hesabu hii: ukiona nakala tatu za ankara zenye kosa moja la tarakimu mahali palepale, unajua zote zimetoka kwenye karatasi moja.

Kilichoonekana Kamituga

Kamituga ni mji wa machimbo ya dhahabu katika jimbo la Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni mji wa wapitanjia: wachimbaji, wachuuzi, madereva na wauza baa kutoka pande nyingi. Kuanzia mwishoni mwa Septemba 2023 hospitali ya Kamituga ilianza kupokea watu wazima wenye vipele vya Mpox. Hadi mwisho wa Februari 2024 walioshukiwa walikuwa 241, na 108 kati yao walithibitishwa na maabara. Asilimia 29 walikuwa wafanyabiashara ya ngono.

Hilo lilikuwa jambo geni. Tangu mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alipogunduliwa Kongo mwaka 1970, sura ya ugonjwa huu nchini humo ilikuwa ya vijijini: mtoto au mwindaji huambukizwa na mnyama wa porini, familia chache huugua, kisha moto huzimika. Kamituga hapakuwa na sura hiyo.

Watafiti wa Kongo, wakiwamo Leandre Murhula Masirika aliyefanya kazi Kivu Kusini na wanasayansi wa taasisi ya INRB ya Kinshasa, walisoma vinasaba vya kirusi hicho pamoja na wenzao wa nje. Matokeo yalichapishwa katika nusu ya kwanza ya mwaka 2024. Kompyuta ilionyesha mambo mawili ambayo macho ya daktari yasingeweza kuyaona kwenye kipele.

La kwanza lilikuwa pengo. Kirusi cha Kamituga kilikuwa kimepoteza kipande cha herufi takriban 1,100. Kwa bahati mbaya, kipande hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa na kipimo kilichotumika kutambua ukoo wa kwanza wa Mpox, ule wa Afrika ya Kati ambao kwa kawaida ni mkali zaidi. Vipimo vya jumla bado vilionyesha kuwa mgonjwa ana Mpox. Lakini kipimo cha kutambua ukoo kingetafuta jeni isiyokuwapo, na maabara ingeweza kudhani kuwa huu si ukoo wa kwanza. Ni sawa na kumtafuta mtu sokoni kwa koti alilokwisha kulivua.

Wanasayansi waliligeuza pengo lenyewe kuwa alama. Walitengeneza kipimo kipya kinachotafuta mahali ambapo ncha mbili za pengo zimeungana. Tawi hili jipya likapewa jina la Ib. Ndilo lililoonekana baadaye Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya.

Jambo la pili lilikuwa nyayo za binadamu. Ndani ya seli zetu kuna vimeng'enya, kwa jina APOBEC3, vinavyopigana na virusi kwa kuharibu herufi zake. Huacha alama ya aina moja: C hugeuka T mahali maalumu. Utafiti wa mlipuko wa kimataifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kirusi cha Mpox kinachozunguka kati ya watu hukusanya alama kama hizo takriban sita kwa mwaka, na kwamba kirusi kinachotoka kwa mnyama hakina msururu huo. Kirusi cha Kamituga kilikuwa nazo. Maana yake ni kwamba hakikuwa kikitoka porini kila mara. Kilikuwa kimeanza safari yake kutoka mtu hadi mtu.

Maana yake kwa anayevuka Gatumba

Kutoka Kamituga barabara huenda Bukavu, kisha bonde la Ruzizi hadi Uvira, halafu Gatumba na Bujumbura. Ndiyo njia ya mchele, mafuta ya mawese, unga wa muhogo na simenti. Burundi ilithibitisha zaidi ya wagonjwa 3,000 hadi kufikia mwaka 2025, na jiji la Bujumbura likawa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Vifo vilikuwa vichache mno.

Kama kirusi kingekuwa kinatoka kwa wanyama, mamlaka zingekimbilia kukagua nyama ya porini na kuzuia mizigo. Nyayo za APOBEC3 zilielekeza kwingine: ugonjwa unasafiri kwa ngozi kugusana na ngozi, kwa kulala pamoja, kwa kutumia shuka na taulo za mgonjwa. Gunia la mchele halikuwa mtuhumiwa mkuu. Kwa hiyo fedha na nguvu zilipaswa kwenda kwenye nyumba za kulala wageni, vituo vya malori na vyumba ambamo wachuuzi wanne hulala kwenye mkeka mmoja.

Hapa ndipo kusoma jeni kunapokuwa suala la biashara, kama ulivyo mzani wa forodha au daraja. Serikali isiyojua inapambana na nini hufunga mpaka wote, kwa sababu ndiyo hatua pekee iliyo mikononi mwake. Serikali inayojua hupima watu wachache, huwatenga wenye ugonjwa na kuwaacha wengine wapite.

Jeni na dawa

Kusoma jeni pia huonyesha mahali pa kukipiga kirusi. Mfano ni dawa iitwayo tecovirimat, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndui ya kale. Watafiti Marekani walijaribu zaidi ya kemikali 350,000 dhidi ya virusi vya jamii ya ndui, wakapata moja iliyovizuia. Walipotaka kujua inafanyaje kazi, walitafuta kirusi kilichokuwa sugu na kusoma vinasaba vyake. Kosa lilikuwa kwenye jeni moja, F13L, inayotengeneza protini ya kufungasha kirusi kabla hakijatoka kwenye seli. Dawa ilikuwa inavunja kazi ya upakiaji: mzigo upo, lakini hautoki ghalani.

Jeni hiyo inafanana sana katika virusi vyote vya jamii hiyo, Mpox ikiwamo. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa ndui mwaka 2018, na wengi walitarajia ingetibu Mpox pia.

Kongo ndiko ilikopimwa kwa wagonjwa wa ukoo wa kwanza. Katika hospitali za Tunda na Kole, wagonjwa 597 walishiriki jaribio lililoendeshwa na INRB na taasisi ya utafiti ya Marekani. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: vipele vya waliopewa dawa havikupona haraka kuliko vya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo, kati ya washiriki wote walikufa asilimia 1.7 tu, wakati kiwango cha vifo nchini kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Wote walikuwa wamelazwa na kuhudumiwa vizuri: maji, chakula, kutuliza maumivu, kutibu vidonda.

Somo lake ni kubwa. Kompyuta inaweza kuonyesha jeni ya kulenga, lakini anayethibitisha dawa ni mgonjwa aliyekubali kushiriki jaribio. Anayeuza vidonge vya "kumaliza Mpox" pembeni mwa soko hana ushahidi huo. Huduma nzuri ya hospitali, kwa sasa, imeonyesha faida kuliko kidonge.

Maabara ivuke mpaka kama mzigo

Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina msingi. Kwa ufadhili wa Ujerumani kupitia benki ya KfW, nchi wanachama zilipewa mwaka 2020 maabara tisa za kuhamahama, zilizofungwa kwenye magari ili zifike mpakani badala ya sampuli kusafirishwa hadi mji mkuu. Burundi ni miongoni mwa zilizopewa. Kifaa cha kusoma vinasaba siku hizi huenea kiganjani na huunganishwa na kompyuta ya kawaida.

Kinachobaki ni utashi. Kipimo kinachotumika Bujumbura kilitegemea maarifa yaliyopatikana Kamituga, na Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka 2022. Kama taarifa ya jeni ingekaa kwenye kabati la Bukavu kwa mwaka mzima, Burundi, Kenya na Uganda zingebahatisha. Tunadai cheti cha ubora kilichotolewa Kigoma kikubaliwe Bujumbura. Basi cheti cha maabara nacho kikubaliwe pande zote, na usomaji wa jeni ushirikishwe nchi zote mara unapopatikana.

Lakini mashine haisomi sampuli ambayo haikuchukuliwa, na hapa kuna jambo gumu ambalo wakubwa hulipita haraka. Mgonjwa wa Mpox hutakiwa kujitenga wiki mbili hadi nne. Mama anayeishi kwa faida ya kila siku akikaa ndani wiki tatu, mtaji wake huliwa wote na nafasi yake sokoni huchukuliwa na mwingine. Ndiyo maana wengine hufunika kipele kwa kitenge na kuvuka. Vyama vya wafanyabiashara, vikoba na manispaa vinapaswa kukaa na kupanga: nani atamtunzia meza yake, nani ataahirisha rejesho lake. Bila hilo, kipimo bora kuliko vyote hakitamfikia.

WHO liliondoa hali ya dharura ya kimataifa Septemba 2025, lakini kirusi bado kipo katika ukanda wetu. Homa, tezi zilizovimba na vipele vyenye maumivu, hasa ukiwa umelala au kugusana na mgonjwa katika siku 21 zilizopita, ni sababu ya kwenda kituo cha afya kabla ya kwenda mpakani. Usichangie shuka wala taulo safarini. Na wakikuomba sampuli, kubali: huenda ndiyo itakayowaambia wataalamu kuwa kirusi kimebadilika tena, kabla hakijafika kwa jirani yako sokoni.