Pemba: Msitu, Magofu na Bahari Yenye Kina

Meli kutoka Unguja inapokaribia bandari ya Mkoani, kinachoonekana kwanza ni vilima vya mikarafuu vinavyoteremka hadi kwenye mikoko. Fukwe zipo, na ule wa Vumawimbi, kaskazini, unashindana na wowote Afrika Mashariki. Lakini anayekwenda Pemba kuogelea tu ataondoka hajaiona.

Mengi ya Pemba yanatokana na kina cha maji. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha takriban mita 800. Bahari ilipopungua enzi za barafu, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki peke yake, na viumbe wake wakafuata njia yao.

Msitu wa Ngezi, karibu na Konde, ndio masalia ya msitu uliotanda kisiwani kabla ya mashamba ya karafuu. Chini ya mivule mirefu humea mpapindi, mti wa jamii ya minazi usiopatikana kwingine duniani. Kuna pia ninga na bundi mdogo wa Pemba, na popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakinyooshwa hupita mita moja na nusu. Popo huyu aliwindwa kwa kitoweo na makao yake yakakatwa, hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikahofiwa kwamba anatoweka. Wanavijiji wakaamua kumlinda. Leo popo hao wamepita 20,000. Huko Kidike mgeni hulipa kiingilio, na mwenyeji humwonyesha popo wakining'inia vileleni mchana kutwa. Ushindi huu unastahili kusimuliwa kuliko fukwe zote.

Bahari iliyowatenga viumbe ndiyo iliyowaleta watu. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Ghuba na Oman, yakarudi na kusi. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad, alipanda chombo kwenda Oman mnamo mwaka 916 kutoka Qanbalu, kisiwa chenye Waislamu ambacho wanahistoria wengi wanaamini ni Pemba. Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, bado pana kuta za msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa.

Pujini, upande wa mashariki, yapo mabaki ya ngome ya karne ya 15 ambayo wenyeji huihusisha na mtawala Mkama Ndume. Ndani yake kuna chumba cha chini ya ardhi, na ukutani imechongwa siwa, pembe ya kupulizwa ya watawala, kwenye chokaa. Atakayefika achukue mwenyeji wa kumwongoza, kwani vichaka vimefunika sehemu kubwa ya kuta na njia haina vibao.