Petroli Inanuka Kwenye Ekzosi: Anza na Plagi, Malizia na Masega

Injini ikiwa ya baridi, harufu kidogo ya petroli kwenye ekzosi si ugonjwa. Petroli haiungui ikiwa tone; huungua ikishakuwa mvuke, na ndani ya chuma baridi sehemu yake hukawia kuvukiza. Kompyuta ya gari huongeza mafuta kwa muda mfupi hadi injini ishike joto. Harufu ya kushughulikiwa ni ile inayobaki baada ya gari kutembea na geji ya joto kutulia mahali pake. Hayo ni mafuta yaliyolipiwa kituoni, yakapita kwenye injini na kutoka bila kufanya kazi.

Hadi kufika nje, yamevuka vituo viwili. Cha kwanza ni injini, iliyopaswa kuyachoma. Cha pili ni masega, lile kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi ambalo wengine huliita kataliti, lililopaswa kusafisha mabaki. Wengi hukimbilia cha pili kwa kuwa ndicho kinachoonekana kimeharibika. Chanzo mara nyingi kiko kwenye cha kwanza.

Hesabu ya hewa na mafuta

Gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua, mafuta mengine hukosa oksijeni na kutoka mabichi. Kulinda kipimo hicho, kwenye ekzosi hufungwa sensa ya oksijeni. Sensa ya aina iliyozoeleka hutoa umeme mdogo sana: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta husoma volti hizo na kurekebisha kiasi kinachonyunyizwa na nozeli, tena na tena, injini ikishashika joto.

Mfumo huu una udhaifu ambao kila mwenye gari anafaa kuujua. Chukua silinda moja ambayo plagi yake haitoi cheche. Nozeli imenyunyiza, hewa imeingia, moto haukuwaka. Petroli ya silinda ile inatupwa kwenye ekzosi pamoja na oksijeni yake yote. Kinachopimwa na sensa ni oksijeni, si petroli. Kwa hiyo inaarifu kwamba hewa imezidi, na kompyuta inaongeza mafuta hata kwenye silinda zilizo nzima. Kosa la plagi moja linasambaa injini nzima. Anayebadilisha sensa hapo atakuwa ametupa kifaa kilichosema kweli.

Masega hayafi yenyewe

Ndani ya kopo la masega mna kauri yenye maelfu ya vijitundu, iliyopakwa tabaka jembamba la platinamu, paladi na rodi. Yakishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi huanza kazi, na yakiwa mazima huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu za moshi. Adui yao mmoja alikuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli, ambayo hufunika madini hayo na kuyazima. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na ndipo masega yakaweza kudumu katika barabara zetu.

Adui mkubwa aliyebaki ni petroli mbichi. Ikiingia humo huungua papo hapo, joto linaweza kuvuka nyuzi 1,000, na kauri huyeyuka na kuziba. Anayefunga masega mapya bila kutibu injini ameyapeleka kwenye kifo kilekile. Anayeyakata na kuweka bomba tupu ameondoa kinga tu: petroli inaendelea kutoka, na sasa inatoka na sumu zote kwa watoto, wauza matunda na abiria wanaosubiri kituoni.

Jinsi ya kutafuta

Kwanza gari lisomwe kwa mashine inayoonyesha kodi za hitilafu. Kodi P0172 inasema mafuta yamezidi. P0300 inasema injini inamisi, yaani inakosa kuwaka, bila silinda maalumu. P0302 inasema inayomisi ni silinda ya pili. Kodi haitaji kifaa cha kununua, inataja mahali pa kuchunguza.

Ikitajwa silinda moja, kuna kipimo kisichohitaji kununua kitu, kwa gari lenye koili moja, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, kwa kila silinda. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya pili iende ya tatu, na ya tatu ije ya pili. Futa kodi, washa, subiri. Kodi ikigeuka kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili haina hatia. Angalia plagi na nozeli.

Kisha fungua plagi zote, injini ikiwa imepoa, na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu imechoma vizuri. Iliyolowa petroli haikuwasha. Zote zikiwa na masizi meusi makavu, mafuta yamezidi kila mahali: kagua chujio la hewa, presha ya mafuta na sensa ya joto la injini. Injini ikiwa moto, sensa hiyo husoma nyuzi 80 hadi 100 hivi. Ikisoma 20, kompyuta inaamini bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta.

Chomoa pia kijiti cha oili. Ikinuka petroli na kuwa nyepesi, mafuta mabichi yanashuka kwenye oili na vyuma vinasagana. Badilisha oili baada ya kurekebisha kosa. Usiache injini ya namna hii ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwani pamoja na harufu hutoka kaboni monoksaidi, isiyonuka na inayoua.

Masega yapimwe mwisho, injini ikishachoma sawasawa. Mwulize fundi wako swali moja kabla ya kutoa pesa: umepima nini hadi ukajua kifaa hiki ni kibovu? Fundi anayeijua kazi yake atakuonyesha kodi, plagi au kipimo chenyewe, na hapo ndipo pesa yako itanunua tiba badala ya bahati nasibu.