Vifo vya Uzazi: Namba Moja Haitoshi

Mnunuzi wa mchele pale Kagongwa, wilayani Kahama, hamwagi gunia zima chini ili ajue kama lina chenga. Huchoma gunia kwa bambo, akapokea mchele kidogo kiganjani, akautazama, kisha akataja bei. Akichoma mara moja tu anaweza kudanganyika. Akichoma magunia mengi, juu na chini, huku na huku, hakika yake inaongezeka. Hilo akina mama wa karibu na mashine za kukoboa wanalijua bila kufundishwa darasani.

Basi, dada msomaji, utafiti wa afya nao ni bambo. Hakuna anayeweza kuhoji kila mama wa Tanzania. Watafiti huchagua kaya kwa kura, huhoji waliomo, kisha hukadiria hali ya nchi nzima. Na kwa kuwa ni makadirio, mtafiti mwaminifu hatoi namba moja peke yake. Hutoa na mipaka yake miwili, wa chini na wa juu. Wataalamu huiita mipaka ya uhakika wa asilimia 95. Maana yake ni hii: kama utafiti ungerudiwa mara 100 kwa kuchagua watu upya, na kila mara mipaka ikakokotolewa kwa njia ileile, karibu mara 95 ukweli ungeangukia ndani ya mipaka hiyo.

Je, jambo hili linamhusu nini mama wa nyumbani? Tazama vifo vya uzazi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2010 ulikadiria vifo 454 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa mwaka 2015-16 ukakadiria 556. Ukiziweka namba hizo mbili tu kando kwa kando utasema vifo vimeongezeka, tena sana, na wapo waliosema hivyo. Mjamzito akiyasikia hayo atajiuliza: kama hali inazidi kuwa mbaya, kliniki wanatusaidia nini? Kwa mwanamke anayepima kati ya kumlipa mwenye bodaboda ampeleke kituo cha afya na kujifungulia nyumbani kwa mama mkwe, swali hilo si dogo.

Sasa soma mipaka. Mwaka 2010 ilikuwa 353 hadi 556. Mwaka 2015-16 ilikuwa 446 hadi 666. Zinapishana kwa sehemu kubwa! Kupishana kidogo kusingetosha kutoa jibu, kwa hiyo ni vema kuikadiria tofauti yenyewe. Kwa hesabu ya haraka, mabadiliko yanaweza kuwa popote kati ya kupungua kwa vifo 45 hivi na kuongezeka kwa vifo 250 hivi. Kwa maneno mengine, tafiti hizo mbili hazikuthibitisha kuwa vifo vimeongezeka, wala hazikuthibitisha kuwa vimepungua. Isitoshe, kila utafiti ulihesabu vifo vya miaka kumi iliyoutangulia, hivyo baadhi ya miaka imo katika zote mbili.

Utashangaa mipaka iwe mipana hivyo wakati mwaka 2015-16 walihojiwa wanawake 13,266. Sababu ni kwamba kifo cha uzazi, pamoja na uchungu wake wote, si tukio la kila nyumba. Wanawake waliulizwa habari za dada zao waliozaliwa nao kwa mama mmoja: nani yu hai, nani amefariki, na kama alifariki akiwa mjamzito, akijifungua au muda mfupi baadaye. Waliopatikana ni wachache, na uchache ndio unaotanua mipaka. Ndiyo maana utafiti huo haukutoa namba ya vifo vya uzazi kwa mkoa wa Shinyanga peke yake, sembuse Kagongwa. Anayekutajia namba ya kata yako, mwulize aliipataje.

Tena mipaka haiponyi kila kosa. Mwuza mchele mjanja hupanga mchele mzuri juu na chenga katikati, na ukichoma juu tu hata mara elfu hutajua. Dada akifa kwa mimba iliyofichwa, huenda nduguye asiitaje. Kosa la namna hiyo halionekani katika mipaka.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na watu wa barabara ya malori na wa machimbo. Kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wanawake 821 waliofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na sehemu za chakula walishiriki jaribio la asiklovia, dawa ya malengelenge ya sehemu za siri. Wote walikuwa na virusi vya malengelenge hayo, ila hawakuwa na VVU. Baadhi walipewa dawa, wengine vidonge visivyo na dawa, ili ionekane kama dawa ingewakinga na VVU. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walioambukizwa ni 27 upande wa dawa na 28 upande wa pili. Uwiano wa maambukizi ulikuwa 1.08, ambapo 1 maana yake ni sawasawa.

Wengi wangeishia hapo na kusema dawa haifanyi lolote. Lakini mipaka ilikuwa 0.64 hadi 1.83. Dawa ingeweza kupunguza maambukizi kwa asilimia 36, au hata yakawa zaidi kwa asilimia 83. Jaribio hilo peke yake halikutosha kufunga mjadala. Mwaka huohuo jaribio kubwa zaidi, la watu zaidi ya 3,000 kutoka kusini mwa Afrika, Peru na Marekani, lilileta uwiano wa 1.16, mipaka ikiwa 0.83 hadi 1.62. Mipaka imesogeleana, na tumaini la kinga kubwa likatoka nje yake. Asiklovia ikabaki kuwa dawa ya malengelenge.