Pipa la mashine ya kufulia lageuka seredani ya safari

Nyuma ya apatimenti zetu hapa Gulfton, kusini-magharibi ya Houston, kila mwisho wa mwezi watu wakihama hutupwa nje vitu vya kila namna: magodoro, meza, televisheni, na mashine za kufulia ambazo fundi keshazikatia tamaa. Wenye magari ya vyuma chakavu hupita wakazibeba. Nikisema kwamba ndani ya mashine ile mna jiko zuri la kwenda nalo kambini, wengi hucheka. Basi leo nataka nieleze jiko hilo hutengenezwa vipi, na kwa nini lisiingizwe ndani ya nyumba wala ndani ya hema hata siku moja. Nyinyi mlioko Maskati, Dubai na Doha, ambao upepo wa Novemba ukianza kupoa mnabeba watoto kwenda jangwani, maneno haya yanakuhusuni sawa na sisi.

Kwa watu wa pwani jambo lenyewe si geni. Seredani za bibi zetu zilitoka kwa mafundi bati, waliozikata kwenye madebe na mapipa yaliyokwisha kazi yake. Nairobi, pale Gikomba na Kamukunji, mafundi wa jua kali hadi leo wanagonga majiko kutokana na vyuma chakavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo Kenya ilipoanza kutengeneza lile jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake, linalokula mkaa mchache. Kwa hivyo ufundi ni ule ule, ila takataka ndizo zilizobadilika. Zamani debe la mafuta ya taa, sasa mashine ya kufulia.

Gulfton ina sababu yake ya kutaka jiko la kubebeka. Apatimenti hizi nyingi zilijengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa vijana waliofuata kazi wakati wa neema ya mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980, wale wakaondoka na wahamiaji wakaingia. Leo kwenye ngazi moja utasikia Kihispania, Kiarabu na Kiswahili cha Kongo. Lakini uwanja wa nyumba hakuna mtu anao. Kanuni za moto zinazotumika katika miji mingi ya Marekani hazitaki jiko la moto wa wazi kwenye roshani ya mbao ya apatimenti, wala karibu na ukuta unaoweza kushika moto. Kwa hivyo mishkaki yetu huisubiri siku ya kwenda Brazos Bend au Galveston, na jiko lazima liingie kwenye buti ya gari.

Nilifundisha sayansi miaka mingi katika skuli ya sekondari ya wamisheni, na somo la moto nililianza kwa mshumaa na gilasi. Ukiufunika mshumaa, unazimika, kwa sababu oksijeni imepungua mno. Pipa la ndani la mashine ya kufulia ni kinyume cha gilasi ile. Lina mamia ya matundu madogo, na hewa huingia kutoka pande zote. Kuni hushika upesi, moshi hupungua, na joto hutoka ubavuni likawafikia waliokaa kuzunguka. Tena chuma chake kwa kawaida ni kile kisichoshika kutu, maana kimeundwa kukaa na maji na sabuni miaka na miaka.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza chagua vizuri. Mapipa ya zamani nyengine yamepakwa enameli, na enameli hupasuka na kuruka vipande motoni. Mashine za kukaushia nguo nazo mara nyingi pipa lake ni la bati lililopakwa rangi au zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi unaomtia mtu homa na kitetemeshi kama cha malaria. Bati la zinki mara nyingi hujulikana kwa madoa yake yanayong'aa kama maua ya barafu. Watu wengine hupima kwa sumaku, lakini sumaku haisemi kweli hapa: viko vyuma visivyoshika kutu ambavyo sumaku inavikamata, na mapipa mengi ya mashine ni ya aina hiyo. Ukiwa na shaka, liache, utapata jengine.

Pili, kulifungua. Hakikisha waya umechomolewa kwenye umeme, na usishike kapasita, kile kikopo kidogo kinachosaidia mota, kwani huweza kuweka umeme hata baada ya kuchomoa. Ukishatoa mifuniko utakuta pipa la nje la plastiki, na ndani yake ndimo lilimo pipa letu. Toa plastiki zote: mbavu zile zinazogeuza nguo, na kwa mashine za kufungukia juu, ile duara ya mdomoni ambayo aghlabu imejazwa maji ya chumvi. Nyuma ya pipa utaona chuma chenye mikono mitatu mfano wa nyota. Hicho mara nyingi ni alumini, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo makaa yaliyopulizwa vizuri huweza kulifikia. Nacho kitoe.

Matundu matatu yaliyoachwa na mikono ile ndiyo mahali pazuri pa kufunga miguu. Tumia boliti ndefu za chuma kisichoshika kutu, kiasi cha sentimita 20, na nati mbili kila mguu, moja ndani na moja nje. Miguu mitatu inatosha, haiyumbi hata juu ya mchanga. Funga vishikio viwili ubavuni, na chini weka sinia la chuma pana kuliko pipa, lidake majivu na vimakaa vinavyopenya. Kisha liwashe mara ya kwanza nje, bila chakula, kwa muda wa kama saa moja, mabaki ya sabuni na mafuta ya mashine yaungue yaishe.

Mtoto wa ndugu yangu aliniuliza, "Ami, mbona hatutumii na rafu za friji tukachomea nyama? Zimekaa kama wavu kabisa." Nikamwambia hapana, baba. Rafu za friji za zamani nyengine zimepakwa kadmiamu, nayo ni sumu ikipata moto. Na friji yenyewe tusiikate, kwa sababu ina gesi ndani ya mabomba yake, na katika friji nyingi za siku hizi gesi hiyo inashika moto. Wavu wa kuchomea nyama nunua dukani. Hapo si mahali pa kubana matumizi.

Kuni nazo zina adabu yake. Zisiwe mbao za rangi, wala zilizotiwa dawa ya wadudu. Hapa Texas tunanunua za mwaloni au za mti wa pecan, na tunanunua kule kule tunakochomea, ili tusihamishe wadudu wa miti kutoka wilaya hadi wilaya. Kabla ya kutoka tunatazama kama wilaya ile imepiga marufuku moto kwa sababu ya ukavu. Huko kwenu, mghafu ni mti wa taifa wa Imarati na umehifadhiwa, kwa hivyo msiukate. Na faida moja ya jiko la miguu jangwani ni kwamba makaa hayazikwi mchangani. Makaa yaliyofukiwa hubaki na moto kwa masaa, na mtoto anayekimbia pekupeku hayaoni.

Nimefika kwenye neno ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Februari 2021 baridi kali ilishuka Texas. Hapa Houston joto lilianguka hadi kiasi cha nyuzi 10 chini ya sifuri, na nyumba zaidi ya milioni 4 katika jimbo zikakosa umeme. Serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa. Wengi waliuawa na baridi yenyewe. Lakini wako waliouawa na kile walichokiwasha ili wapate joto: mkaa ndani ya chumba, jenereta, au gari lililoachwa likinguruma gereji. Miongoni mwa waliofikishwa hospitali kwa moshi ule walikuwamo wahamiaji kama sisi, watu waliokulia penye jiko la mkaa.

Usiku ule jirani yangu, mtu mwema wa Kongo, aligonga mlango akiwa na mkaa mkononi. "Mwalimu, nikiacha dirisha wazi kidogo, si itatosha?" Nikamwambia haitoshi. Tulikusanya watoto wa nyumba zote mbili chumba kimoja, tukaziba chini ya mlango kwa mataulo, tukawafunika kila blanketi lililokuwepo. Baridi ilituuma sana, lakini kulipokucha tulihesabiana sote wazima.

Sababu yake ni hii. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Ikiingia kwenye damu hushikamana nayo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hulala asiamke. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mara nyingi huwapata wote waliomo kwa pamoja. Ukiona hivyo, tokeni nje kwanza, kisha ndio mpige simu ya msaada. Matundu ya pipa letu hayabadilishi jambo hili hata kidogo. Kila baridi ikiingia, walinzi wa raia wa nchi za Ghuba nao huwaonya watu juu ya mkaa ndani ya mahema, na kila mwaka wako wasiosikia. Hema lililofungwa kwa ajili ya baridi ni chumba kama vyumba vyengine.

Kwa hivyo seredani hii ikae nje, mbali na hema, na mtu mzima awe karibu nayo. Mkimaliza, mwagieni maji, koroga majivu, mwagieni tena, mpaka uweze kuyashika kwa mkono. Yakiwa bado yana uvuguvugu, msiyatie kwenye buti na kufunga vioo kwa safari ya kurudi. Gari nalo ni chumba, na nyuma wamelala watoto.